Li Gao: Tabibu wa Uchina aliyetafuta kinga ya mwili katika chakula, usingizi na utulivu wa moyo

KATIKA majira ya machipuko ya mwaka wa 1232, mji wa Kaifeng nchini Uchina ulikuwa na malango 12, na kila lango lilikuwa likitoa maiti. Kwa muda wa karibu miezi mitatu, kila lango lilipitisha kila siku maiti wasiopungua 1,000, na siku mbaya walifika 2,000. Jeshi la Wamongolia lililokuwa limeuzingira mji huo lilikuwa limekwisha kulegeza mzingiro. Watu walikuwa wakifa baada ya vita kutulia, si wakati mabomu yalipokuwa yakirindima.

Hesabu hiyo ya malango iliachwa na tabibu aliyekuwamo mjini humo, Li Gao, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa takribani miaka 52. Historia rasmi ya ufalme wa Jin, uliotawala kaskazini mwa Uchina enzi hizo, inataja majeneza zaidi ya 900,000 katika muda wa siku 50, idadi inayostahili kupokewa kwa tahadhari. Hata ikipunguzwa nusu, yale yalikuwa maafa ambayo hayakuwa na mfano.

Matabibu wenzake walisema ugonjwa umeingia kutoka nje: upepo, baridi, hewa mbaya. Walifanya walivyofundishwa na vitabu vya kale, yaani kumpa mgonjwa dawa za kutoa jasho na za kuharisha ili adui huyo afukuzwe mwilini. Wagonjwa wakazidi kufa. Li Gao aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa na jawabu lake: yawezekanaje watu wote wa mji mmoja kupigwa na baridi ile ile kwa wakati mmoja? Jibu alilolipata ndilo lililomfanya akumbukwe hadi leo.

Li Gao, ambaye pia hujulikana kwa jina la Li Dongyuan, alizaliwa mwaka wa 1180 mjini Zhending, katika mkoa ambao sasa unaitwa Hebei. Jamaa yake ilikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa eneo hilo. Alisomeshwa vitabu vya wahenga kama ilivyostahili kijana wa tabaka lake, akajenga nyumba ya kuwapokea wasomi, na akawa na sifa ya mtu mwenye kujiheshimu kupita kiasi. Inasimuliwa kwamba vijana wenzake walimwandalia karamu na kumtuma mwanamke wa starehe amchezee; mwanamke huyo alipomshika nguo, Li alihamaki, akaivua nguo hiyo na kuiteketeza. Katika dhifa nyingine alilazimishwa kunywa mvinyo kidogo, akatapika na kuondoka. Masimulizi ya aina hii hupambwa na wanafunzi, lakini yanatupa picha ya mtu asiyependa kuyumbishwa.

Utabibu haukuwa kazi ya watu wa hadhi yake. Kilichomsukuma huko ni kifo cha mama yake.

Mama huyo aliugua, na kwa kuwa fedha haikuwa tatizo, waliitwa matabibu wengi. Mmoja alisema ugonjwa ni wa joto, mwingine akasema ni wa baridi. Kila mmoja alileta dawa yake, na zote zikajaribiwa moja baada ya nyingine. Mgonjwa akafariki dunia pasipo mtu yeyote kujua alikuwa akiugua nini. Li Gao hakuwalaumu matabibu peke yao; alijilaumu kwamba mwana wa nyumba ile hakujua lolote la utabibu, hata akashindwa kupambanua kati ya mwenye maarifa na mwenye kubahatisha.

Wakati huo palikuwa na tabibu aliyevuma sana katika eneo la Yizhou, Zhang Yuansu. Yeye naye aliingia katika kazi hiyo kwa mlango wa nyuma. Akiwa na umri wa miaka 27 alifanya mtihani mkuu wa serikali, akaanguka kwa sababu aliandika herufi iliyokuwa mwiko kwa vile ilihusiana na jina la mfalme aliyetangulia. Milango ya utumishi ikafungwa, akageukia tiba. Zhang alishikilia kwamba dawa za kale haziwezi kutibu kila ugonjwa wa sasa, na kwamba tabibu sharti amtazame mgonjwa aliye mbele yake badala ya kunakili vitabuni. Li Gao alimwendea na dahabu nyingi (masimulizi yanasema vipimo 1,000), akakaa naye miaka kadhaa hadi akahitimu. Hata hivyo, hakufungua zahanati. Alibaki kuwa bwana mkubwa mwenye ujuzi wa tiba, aliyewatibu jamaa na marafiki.

Baadaye alishika wadhifa wa kusimamia ushuru katika mji wa Jiyuan, mkoani Henan. Wakati wa njaa alitumia uwezo wake kuwalisha wakimbizi, na wengi waliokolewa. Mwaka wa 1202, ukazuka mjini humo ugonjwa uliovimbisha uso na kichwa hadi macho yakashindwa kufumbuka, koo likaziba na pumzi ikawa ya shida. Watu waliuogopa kiasi kwamba jamaa hawakutembeleana. Matabibu wa mji walitoa dawa za kuharisha, mgonjwa akapata nafuu kidogo, kisha hali ikarudi mbaya zaidi hadi akafa.

Li aliona kosa lao. Ugonjwa ulikuwa kichwani na kifuani, ilhali dawa ilikuwa ikishambulia tumbo, sehemu ambayo haikuwa na hatia. Akatunga dawa ya mitishamba ya kupoza joto la juu na kuondoa sumu, ndani yake mkiwa na nanaa, uyoga mkavu na mizizi kadhaa michungu, lakini pia akaongeza ginseng kidogo ili nguvu za mgonjwa zisianguke. Dawa hiyo ilipofaulu, hakuificha. Aliagiza ichongwe kwenye mbao na kutundikwa mahali penye mikusanyiko ya watu ili kila aliyeihitaji aisome. Wakazi walidhani imeshushwa na malaika, wakaichonga kwenye jiwe. Dawa hiyo inafundishwa hadi leo katika vyuo vya tiba ya Kichina kwa jina la Puji Xiaodu Yin.

Ufalme wa Jin, hata hivyo, ulikuwa ukiporomoka. Wamongolia walikuwa wakiteremka kutoka kaskazini, na mwaka wa 1214 mfalme aliuhama mji mkuu wa Zhongdu, uliokuwa mahali ilipo Beijing ya sasa, akakimbilia Kaifeng. Mwaka uliofuata Zhongdu ilianguka. Li Gao, kama maelfu ya wenzake, alikimbilia kusini na kupata hifadhi Kaifeng. Tajiri wa Zhending akawa mkimbizi, na tiba aliyokuwa akiifanya kwa hiari sasa ikawa ndiyo riziki yake. Katika miaka hiyo ya vita, miji mingine nayo ilikumbwa na magonjwa baada ya kuzingirwa, ikiwa ni pamoja na Dongping, Taiyuan na Fengxiang, na Li aliona kwamba mambo yalifuata mkondo ule ule.

Ndipo ukaja mwaka wa 1232. Wamongolia wakiongozwa na jemadari Subutai waliushambulia mji kwa zaidi ya wiki mbili. Walinzi walijibu kwa mabomu ya chuma yaliyojazwa baruti. Ndani ya kuta mlikuwa mmesongamana wenyeji pamoja na wakimbizi wa mashambani, chakula kikiwa haba, kila mwenye nguvu akitumwa kubeba mawe na kulinda ukuta usiku kucha, na kila mmoja akiwaza iwapo kesho ataiona. Mzingiro ulipolegezwa, chakula kikapatikana, na watu wenye njaa ya muda mrefu wakala kwa pupa. Li Gao aliandika kwamba katika watu 10,000, hawakuzidi mmoja au wawili ambao hawakuugua.

Hitimisho lake lilikuwa kwamba adui hakuwa ameingia kwa nguvu zake. Alikuta lango halina mlinzi. Miezi ya kula leo na kukosa kesho, kazi ya kuvunja mgongo, kukesha na hofu isiyokatika ilikuwa imezimaliza nguvu za tumbo. Shibe ya ghafla ikaja kulimaliza tumbo lililokwisha kudhoofika. Dawa kali za kuharisha zikakamilisha kazi iliyobaki. Kuhusu hilo la mwisho Li hakuuma maneno: wengi wa waliokufa mikononi mwa matabibu aliwahesabu kuwa waliuawa na dawa.

Ili msomaji aelewe hoja hiyo, ni muhimu kujua jinsi tiba ya Kichina inavyoutazama mwili. Viungo viwili, wengu na tumbo, hutajwa pamoja kama jiko la mwili. Wengu linalozungumziwa hapa si kile kiungo anachokijua daktari wa upasuaji. Ni jina la kazi nzima ya kusaga chakula na kukigeuza kuwa nguvu. Kutokana na jiko hilo hutoka nguvu ya uhai, ambayo Wachina huiita qi, na sehemu ya nguvu hiyo hupelekwa kwenye ngozi na vinyweleo kulinda mwili kama askari wa mpakani. Jiko likizimika, askari hawapati chakula. Matabibu wa kabla ya Li waliyajua hayo. Alichofanya yeye ni kuliweka jiko mbele ya kila kitu kingine na kusema kwamba magonjwa mengi yanayoonekana kutoka nje asili yake ni udhaifu wa ndani.

Aidha, alitoa mbinu za kupambanua. Mgonjwa aliyevamiwa kutoka nje huwa na joto zaidi mgongoni mwa mkono, sauti yake ni nzito na yenye nguvu, na ladha ya chakula bado anaijua ingawa pua imeziba. Aliyechakaa kwa ndani joto lake huwa kiganjani, sauti ni dhaifu, anaona uvivu hata wa kusema, na chakula hakina ladha kinywani. Wote wawili wana homa, lakini wa kwanza anahitaji kufukuziwa adui na wa pili anahitaji kuongezewa nguvu. Kumpa wa pili dawa ya wa kwanza, alionya, ni kumwondolea uhai.

Kwa ajili ya huyo wa pili alitunga dawa ya vitu vinane iitwayo Buzhong Yiqi Tang. Msingi wake ni huangqi, mzizi wa mmea wa jamii ya kunde, ukisaidiwa na ginseng, mzizi mtamu wa urukususu, maganda makavu ya chenza na mimea mingine minne. Jambo la kustaajabisha ni uchache wa vipimo vyake. Wakati wenzake walijaza chungu, Li alitumia kiasi kidogo, kwa hoja kwamba tumbo lililodhoofika haliwezi kubebeshwa mzigo, hata kama mzigo huo ni dawa.

Baada ya Kaifeng, Li alihamia Dongping na Liaocheng, mkoani Shandong, pamoja na watu mashuhuri waliosalia, akiwemo rafiki yake, mshairi Yuan Haowen. Ufalme wa Jin ulitoweka kabisa mwaka wa 1234. Alirejea Zhending mwaka wa 1244, akiwa mzee wa miaka 64. Muswada aliouandika kuhusu vifo vya Kaifeng alikuwa ameuweka kando kwa miaka 16, na alipousihiwa na wenzake aliukamilisha mwaka wa 1247. Miaka miwili baadaye kikatoka kitabu chake mashuhuri zaidi, Pi Wei Lun, yaani maelezo kuhusu wengu na tumbo.

Kurasa za mwisho za kitabu hicho ndizo zinazomkaribia zaidi msomaji wa kawaida, kwani ndani yake hamna mizizi ya kununua. Li anazungumzia maisha ya kila siku. Anakataza kuoga au kutoka jasho kisha kusimama penye upepo. Mtu ajipanguse na kusugua ngozi kwanza. Hali ya hewa ikielekea kubadilika, mtu ajikinge mapema asingoje hadi baridi imkute. Aliyevaa nguo nyepesi na kuona pumzi inamwishia avae zaidi na kukaa pasipo na upepo, na kama bado hajapata nafuu, ajifukize uso kwa bakuli la maji yaliyochemka. Kuhusu usingizi anashauri jambo ambalo mama yeyote angeliweza kulisema: blanketi likiwa zito na la kuchosha kwa joto, lipunguzwe, likiwa jepesi, liongezwe. Asiyelala kwa njaa ale kidogo. Asiyelala kwa shibe atembee hatua chache, kisha aketi.

Zaidi ya hayo, anaasa watu wapunguze maneno, wapunguze kazi za kuchosha na wajiepushe na tamaa ya mali na vyeo, kwa kuwa hasira, huzuni na hofu huunguza nguvu zile zile ambazo chakula kimezileta. Kwa mtazamo wake, wasiwasi ulikuwa kisababishi cha ugonjwa sawa na chakula kibovu. Mtu aliyeshuhudia Kaifeng alikuwa na haki ya kulisema hilo.

Yeye mwenyewe hakunufaika sana na ushauri huo. Katika kurasa hizo hizo anakiri kwamba akiwa na miaka 65 masikio na macho yamepungua nguvu kwa nusu, moyo hautulii, hamu ya chakula imeshuka, na kila anapoitika wito wa watu hali yake huzidi kuwa mbaya. Wagonjwa walikuwa mlangoni, naye hakuweza kuwafukuza. Miaka ya ukimbizi ilikuwa imeuchosha mwili wake pia, na hakuna supu ya mizizi iliyoweza kuirejesha.

Je, sayansi ya leo inamwonaje? Yapo aliyoyakosea. Hakujua habari za viini vya maradhi, kwa sababu hakuna mtu duniani aliyezijua hadi karne ya 19. Wanahistoria wengi wanaamini kwamba Kaifeng ilikumbwa na ugonjwa wa kuambukiza, ingawa bado wanabishana kuhusu ugonjwa gani, wapo wanaosema ni tauni na wapo wanaotaja homa nyinginezo za vita. Msongamano na uchafu nyuma ya kuta zile ulitosha kuusambaza. Kwa kukanusha kwamba kitu kimoja chaweza kuwapiga watu wote kwa pamoja, Li aliikaribia siri ya maambukizi kisha akaipita.

Hata hivyo, nusu ya pili ya hoja yake imesimama imara. Sasa inajulikana kwamba ukosefu wa lishe bora hudhoofisha mfumo wa kinga, kwamba sehemu kubwa ya seli za kinga zimo katika utumbo, na kwamba kukosa usingizi na kuishi na msongo wa mawazo kwa muda mrefu hupunguza uwezo wa mwili kujilinda. Hata onyo lake kuhusu shibe ya ghafla lilikuja kuthibitishwa kwa uchungu mwaka wa 1945, wakati wafungwa waliokombolewa katika kambi za Wanazi walipofariki baada ya kupewa chakula kizito ambacho miili yao haikuweza kukihimili.

Kuhusu dawa zake, inafaa kuwa na kiasi. Buzhong Yiqi Tang bado inatumika Uchina, na nchini Japani huandikwa na madaktari na kugharamiwa na bima ya afya ya taifa kwa jina la Hochuekkito. Uchunguzi umefanywa kuhusu mizizi ya huangqi na ginseng, lakini ushahidi kwamba inamkinga binadamu dhidi ya maradhi bado si wa kutosheleza. Urukususu ukitumiwa kwa wingi hupandisha shinikizo la damu, nayo ginseng yaweza kuingilia kazi ya dawa za kuzuia damu kuganda. Anayezinunua akiwa anameza dawa nyingine hana budi kumwarifu daktari wake kwanza. Li Gao, aliyewashutumu wenzake kwa kuua watu kwa dawa zisizowafaa, angekuwa wa kwanza kulidai hilo.

Uzeeni alitafuta mtu wa kumwachia maarifa yake. Aliletewa kijana aitwaye Luo Tianyi, na kabla ya kumpokea alimuuliza iwapo anataka tiba ya kumpatia fedha au tiba ya kurithishwa kwa wengine. Luo alichagua ya pili. Li alimlisha na kumfundisha bila malipo, na baada ya miaka mitatu akampa fedha vipimo 20 ili aitunze familia yake na asikatize masomo kwa ajili ya umaskini.

Alipohisi kwamba mwisho umewadia, Li alivipanga vitabu vyake vyote mezani, kimoja baada ya kingine, akamkabidhi Luo na kumweleza kwamba havikuwa mali yake Li wala ya Luo, bali vya watu watakaokuja. Alifariki mwaka wa 1251. Luo alimtunza mjane wa mwalimu wake kama mama yake mzazi kwa zaidi ya miaka 10, na mwaka wa 1276 akachapisha kitabu cha Lanshi Micang, kimojawapo cha miswada aliyoachiwa mezani siku ile.